Chombo Hupimwa Mkononi mwa Mtumiaji

Askari ajua kuwa silaha bora ni ile awezayo kuifungua na kuifunga gizani. Programu za kompyuta nazo tuzipime hivyo.

Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, iliundwa programu ya Ushahidi, iliyo wazi kwa yeyote kuirekebisha. Mwananchi alitoa habari za hatari kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, zikaonyeshwa kwenye ramani. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Somo hilo lahusu pia Mangateen, Juba, kimbilio la walioondolewa makwao na vita. Uwazi peke yake hautoshi. Fomu asiyoielewa mama mwenye simu ya kawaida humkosesha ulinzi wetu. Basi mtengenezaji na aanze kwa kumwuliza mama huyo.