Umbijani: Jinsi Mmea Unavyoutengeneza Bila Kujidhuru

Mvua za kwanza zinyeshapo katika wilaya za Mbozi na Momba, mkoani Songwe, wakulima hupanda mahindi. Mtu akiufukua mche kabla haujachomoza, ataukuta una rangi ya manjano hafifu. Ukishaangazwa na jua kwa saa kadhaa, huwa kijani. Badiliko hili huonekana jepesi, kumbe ni kazi ya hatari inayohitaji uratibu mkubwa.

Rangi ya kijani hutokana na umbijani, yaani klorofili, ambayo hunasa nishati ya jua ili mmea ujitengenezee chakula. Molekuli yake ina kichwa na mkia. Kichwa ni pete yenye atomu 4 za naitrojeni zinazoizunguka atomu 1 ya magnesiamu. Mkia ni mnyororo wa atomu 20 za kaboni. Sehemu hizo hutengenezwa kwa njia mbili mbalimbali, kisha huunganishwa.

Njia ya kichwa huanzia kwenye glutamati, mojawapo ya asidi za amino. Kutokana nayo hupatikana molekuli ndogo, na 8 kati ya hizo huunganishwa hatua kwa hatua mpaka pete ikamilike. Hapo njia hugawanyika, kama barabara itokayo Mbeya igawanyikavyo Tunduma, tawi moja likaelekea Zambia na jingine Sumbawanga. Pete ikipewa magnesiamu, huelekea kuwa umbijani. Ikipewa chuma, huwa hemu, ambayo seli huihitaji katika upumuaji.

Hatari iko wapi? Pete ambazo bado hazijawa umbijani nazo hunasa mwanga, lakini haziwezi kuutumia. Nishati hiyo huhamia kwenye oksijeni, nayo oksijeni hugeuka kuwa kali na kuiharibu seli. Tena, katika mahindi na mimea mingine itoayo maua, hatua moja ya karibu na mwisho haiwezi kutendeka bila mwanga. Kama kazi ingeendelea usiku kucha, pete hizo zingerundikana, na jua la asubuhi lingeuua mche.

Kwa hiyo mmea huidhibiti kazi tangu mwanzo. Hemu ikizidi, hukizuia kimeng'enya cha hatua za awali. Kizuizi cha pili ni protini iitwayo FLU, ambayo wanasayansi wa Zürich, Uswisi, waliieleza mwaka 2001. Walichunguza Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Mimea iliyokosa protini hiyo ilistawi chini ya mwanga usiozimwa. Lakini miche iliyokuzwa gizani ilikufa ilipotolewa mwangani. Mche wenye afya hujiwekea akiba ndogo tu, iliyoshikwa na kimeng'enya chake, tayari kugeuzwa mara mwanga ufikapo.

Wanafunzi waweza kulishuhudia badiliko hili kwa kupanda mahindi katika makopo mawili, moja likawekwa juani na jingine ndani ya kabati kwa siku saba, kisha nalo likatolewa nje.

Ikiwa mahindi yana manjano ingawa jua lipo, yafaa kuchunguza upungufu wa virutubisho. Naitrojeni na magnesiamu huhamishwa kutoka majani makuukuu kwenda machanga, hivyo upungufu wake huanza kuonekana chini. Chuma hakihamishiki kwa urahisi. Upungufu wake huanzia juu. Mkulima ajuaye tofauti hiyo hanunui mbolea kwa kubahatisha.