Busaa ikiharibika, heri kuimwaga kuliko kuitia kemikali

WAHENGA walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata hivyo, si kila pombe mbovu hutokana na majivuno ya mpishi. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, busaa huandaliwa kwa ajili ya harusi au jando, kisha siku ya karamu mtungi ukifunuliwa hupatikana hauna povu, au unanuka siki.

Aghalabu lawama hutupiwa jicho baya la jirani. Ukweli ni kwamba kila kasoro ina chanzo chake.

Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku mbili tatu uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati. Baadaye hutiwa maji na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa. Vimeng'enya vilivyo katika kimea hugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira hula sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa iletayo povu.

Povu lisipoonekana kufikia siku ya pili, wa kwanza kushukiwa ni kimea. Wimbi lisiloota vyema, au lililokaushwa kwa moto mkali, hupoteza nguvu ya vimeng'enya vyake.

Wa pili ni joto. Hamira hustawi kati ya nyuzi 20 na 30 za sentigredi. Unga ukichanganywa na kimea ungali moto sana, hamira hufa. Kwenye baridi haifi bali huzubaa tu. Mtungi ukisogezwa karibu na meko, kazi huendelea.

Uchachu wa kadiri ni sifa ya busaa, lakini harufu kali ya siki ni ishara kwamba bakteria wapendao hewa wamegeuza kileo kuwa asidi. Hali hii hutokea mtungi unapofunuliwa kila mara au pombe inapokaa mno. Siki hairudi kuwa pombe. Kilichosalia ni kuosha vyombo kwa maji yanayochemka kabla ya kuanza upya.

Lililo baya zaidi ni kuvu. Mahindi au kimea chenye ukungu huweza kuwa na aflatoksini, sumu isiyoisha kwa kukaangwa. Mnamo 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kupitia mahindi. Nafaka ya aina hiyo haifai kupikiwa pombe wala kulishwa mifugo.

Hatari kuu huja pale mpikaji anayeuza, akihofia hasara, anapoamua kuipa nguvu pombe iliyolala kwa kuitia kemikali za viwandani. Methanoli haina tofauti kubwa na kileo cha kawaida kwa harufu, lakini ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mnywaji hupofuka au kufa.

Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Mei 2014 maafa kama hayo yalikumba kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu.

Pipa la busaa lililomwagwa ni hasara ya unga, kuni na siku chache za kazi. Hasara hiyo hufidiwa msimu ujao wa mavuno. Macho ya mnywaji hayafidiwi.