Jozi ya Kwanza ya Magic: Pesa Iende Wapi?

Barazani kwetu jozi ya karata ni moja, karata 52, na inawatosha wote. Mmoja anachanga, mwingine anakata, zinagawiwa. Magic: The Gathering, mchezo wa wachawi na mazimwi aliobuni Mmarekani Richard Garfield ukaingia sokoni mwaka 1993, hauendi hivyo. Kila mchezaji anakuja na jozi yake, ameipanga mwenyewe nyumbani kutoka kwenye maelfu ya karata zilizokwisha kuchapishwa. Ndiyo raha yake, na ndipo mfuko unapotobokea.

Wangu ulitobokea hapa Ohio, juu ya meza ya jikoni. Mpwa wangu wa miaka 12 aliushika mchezo huu shuleni, nami nikaingia duka la kwanza nililoliona. Muuzaji akanishauri nianze na pakiti. Nikatoka na pakiti 16, dola 5 kila moja, dola 80 zimekwenda. Tulizichana zote jioni ile ile. Kila pakiti ina karata 14, kwa hiyo tulikuwa nazo 224, bado zinanuka wino. Mtoto akazitenga kwa rangi: nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu, kijani. Mafungu matano, na hakuna hata moja lililofaa kuchezwa. Joka jekundu la kumetameta lilikuwepo, tena moja tu, na ardhi nyekundu za kulilisha zilikuwa tatu.

“Mjomba, sasa tunacheza na nini?”

Ngoja nieleze kwa nini ardhi tatu hazifai kitu. Ardhi ndizo zinazotoa mana, nguvu ya kulipia karata nyingine zote. Jozi ya kawaida ni karata 60 au zaidi, na karata ya jina moja haizidi nne, isipokuwa ardhi za msingi ambazo unaweka utakavyo. Unaanza na karata 7 mkononi na maisha 20. Wazoefu wengi huweka ardhi 24 hivi. Ukiweka 24, uwezekano wa kuanza na ardhi moja au bila ardhi kabisa ni kama mara 14 katika 100. Ukipunguza hadi 17 ili upate nafasi ya majoka, unapanda hadi mara 35. Yaani kila michezo mitatu, mmoja utakaa ukimtazama mwenzio akicheza. Na ajabu yake, ardhi za msingi ndizo rahisi kuliko zote: senti chache kila moja, na maduka mengine huwagawia wageni bure.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoziumbua pakiti. Karata uliyoiweka mara nne katika 60, utaikuta mkononi mwanzoni mara 40 katika 100. Ukiwa nayo moja, ni mara 12 hivi. Kwa hiyo ukiipenda karata unaitaka mara nne. Seti kubwa huwa na karata adimu 50 na zaidi, na kila pakiti inakuhakikishia adimu moja. Kuwinda nne za jina moja kwa pakiti ni safari ya pakiti kama 200, dola 1,000. Hata bahati ikupunguzie nusu, bado umecheza bahati nasibu. Pakiti ni tamu kuzichana, sikatai. Nunua mbili siku ya kuzaliwa.

Sanduku la wanaoanza ni jambo jingine. Magic: The Gathering Foundations, seti iliyotoka Novemba 2024, ina Beginner Box ya dola 30 hivi. Ndani yake mna mafungu madogo ya karata 20, ardhi zake zimo humo humo. Unachukua mawili, unayachanganya, unacheza, na yanabaki ya mwenzako. Kwa nyumba ambayo hakuna hata mmoja anayejua sheria, sioni cha kulishinda. Ila ukilipeleka dukani kwenye mashindano ya Ijumaa jioni utapigwa.

Mwenye simu na bando anaweza kuanza bila kutoa hata senti. Magic: The Gathering Arena ipo kwenye simu tangu 2021, inafundisha sheria hatua kwa hatua na inakupa jozi za kuanzia. Faili lake ni zito, na karata zake huwezi kuzitoa humo kumpa mtu wala kuziuza. Kwa aliye Mombasa au Mwanza, ambako kuagiza karata kutoka Marekani ni kulipia na usafirishaji, mimi ningeanzia hapo.

Lakini kwa karata za kushika mkononi, nunua moja moja, kwa jina. Tulichagua Pauper, mtindo unaoruhusu tu karata zilizowahi kutolewa kama za kawaida, zile zisizo adimu. Rangi tukachukua moja, nyekundu. Ukichanganya rangi mbili utatamani ardhi zinazotoa zote mbili, na zile nzuri zinaweza kufika dola 10 au zaidi kila moja. Lightning Bolt, iliyokuwemo tangu 1993, inakula mana moja na kumpunguzia mpinzani maisha 3. Lava Spike vilevile. Mpwa akahesabu kwa vidole: saba za aina hiyo ni 21, mtu kwisha. Majoka yakaachwa, tukachukua watu wadogo wepesi wa mana moja na mbili, na kwa sababu jozi yote inakula mana kidogo ardhi 20 zikatosha. Jumla dola 23, na dola 6 za vifuko vya plastiki, maana karata zisizovikwa huchakaa pembe kwa kuchangwa.

Kabla hujalipa, uliza watu wa karibu nawe wanacheza mtindo gani. Wengi watakujibu Commander: jozi ya karata 100, kila jina mara moja isipokuwa ardhi za msingi, maisha 40, kwa kawaida watu wanne mezani. Ile iliyopangwa kiwandani ni dola 45 hivi na inachezeka siku hiyo hiyo, ingawa mchezo mmoja unaweza kula saa mbili. Mpwa wangu ameshaanza kuitaja. Nimemwambia auze kwanza lile joka.