Mita Iliyohesabu Dakika Tangu 1993

Mwaka 2024, mteja wa shirika la umeme la TANESCO aliyenunua umeme, awe katika kata ya Daudi kwenye nyanda za juu za Mbulu au awe Kariakoo, alikutana na jambo geni. Badala ya tarakimu 20 alizozizoea, simu ilimletea makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza hayakuwa na uniti hata moja. Yalikuja kuiwekea mita hesabu mpya ya miaka.

Ndani ya mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, mna mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa katika chipu moja, yenye kumbukumbu finyu. Kila tokeni ya umeme, yaani kundi la tarakimu 20 lenye uniti, ilibeba, kwa siri, idadi ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993. Mita huikagua namba hiyo, ndiyo maana tokeni moja haiingii mara mbili. Lakini nafasi iliyotengewa namba hiyo ni biti 24, zisizovuka 16,777,215. Dakika hizo zilitimia Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita isiyorekebishwa huiona tokeni mpya kuwa ya zamani, ikaikataa.

Waliobuni mfumo huo, ulioanzia Afrika Kusini, waliacha mlango wazi: tarakimu zenyewe huweza kubadilisha ufunguo wa siri na kufuta kumbukumbu ya tokeni za zamani. Mita haikuhitaji kufunguliwa kwa bisibisi. Kwa nyumba zilizotawanyika vilimani kama za Daudi, huo ni ubunifu wa kushukuriwa.

Chipu nayo ina umri wake. Intel ilitoa mikrokontrola ya 8051 mwaka 1980 na kuacha kuitengeneza 2007, ila kampuni nyingine zinaendelea na usanifu uleule, hivyo vifaa vyake havikubaki yatima. Chipu inayotoka kwa kampuni moja tu haina bahati hiyo. Ikisitishwa, fundi hukosa spea, na kuweka nyingine hudai bodi mpya na programu mpya.

Baadhi ya watengenezaji huahidi kuendelea kuuza chipu kwa miaka 10 au 15. Ahadi hiyo idaiwe kwa maandishi katika kila zabuni ya mita za umeme au maji zinazonunuliwa kwa fedha za umma, kabla mita ya kwanza haijafungwa ukutani.

Hesabu mpya ya LUKU inaanzia Januari 1, 2014. Biti 24 zitajaa tena Novemba 2045.