Sura ya 6: Kupepeta Kabla ya Kutibu

Mto Namatala hushuka kutoka Mlima Elgon, hupita ukingoni mwa mji wa Mbale, kisha huingia bonde la majimaji ambako watu hulima mpunga. Mpunga ukishakobolewa, hakuna mama anayeutia chunguni hivyo hivyo. Huuweka kwenye ungo akaupepeta, pumba zikapeperuka, halafu akainama kuchagua chuya, moja baada ya nyingine. Ndipo moto huwashwa.

Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi nao una hatua ya kupepeta katikati yake. Wengi tunaijua hatua ya kwanza, yaani kupima, na ya mwisho, yaani kutibu. Ile ya katikati haisemwi sana, na huko ndiko wanawake wengi wanakopotea.

Kirusi kwa wengi, saratani kwa wachache

Kila mwaka wanawake wapatao 7,000 nchini Uganda hugunduliwa kuwa na saratani hii, na zaidi ya 4,000 hufa kwayo. Chanzo chake kinajulikana: ni kirusi kiitwacho HPV. Mwaka 1983 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliitambua HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa mlango wa kizazi, na mwaka uliofuata wakaitambua aina ya 18. Aina hizo mbili peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Hata hivyo, kuwa na HPV si kuwa na saratani. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana na kirusi hiki wakati fulani, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Ni kwa wanawake wachache tu kirusi hung'ang'ania. Kwao, protini zake mbili, E6 na E7, huzivunja nguvu protini zinazoilinda seli isigawanyike ovyo. Kutoka hapo hadi saratani kamili, kwa mwenye kinga nzuri, hupita miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye hajatibiwa, miaka hiyo inaweza kupungua hadi kati ya 5 na 10, na hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwenzake asiye navyo.

Kwa hiyo kipimo cha HPV hutuambia nani ana kirusi. Hakituambii nani kati yao kirusi kimeanza kumharibu.

Safari ya pili

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo cha DNA ya HPV kiwe ndicho cha kwanza, kuanzia umri wa miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Uzuri wake mmoja mkubwa ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, kwa kijiti chenye pamba au brashi ndogo, bila kupanda kitanda cha uchunguzi wala kuvuliwa nguo mbele ya mtu.

Jambo hili limejaribiwa jirani kabisa, katika wilaya ya Mayuge, mashariki ya Jinja. Watafiti wa Taasisi ya Saratani ya Uganda na wenzao wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada walifika vijiji 31 na kuwahusisha wanawake zaidi ya 2,000. Katika baadhi ya vijiji wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba. Katika vingine wanawake walikusanyika kwenye siku ya afya. Kujichukulia sampuli hakukuwa kikwazo. Kazi ilikuwa baada ya majibu: kila aliyekutwa na HPV alipaswa kwenda kituoni kukaguliwa kwa macho, na si wote waliofika.

Ukaguzi huo ndio unaoitwa kipimo cha siki. Muuguzi hupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kidogo, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Ni kipimo rahisi, hakihitaji umeme, na kimeokoa wengi. Lakini kinategemea jicho: wauguzi wawili wanaweza kutazama mlango mmoja wakatofautiana. Tena kwa mwanamke aliyekoma hedhi, sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani, jicho haliifikii.

Fikiria mama wa Namatala anayeuza nyanya. Majibu yamekuja: ana HPV. Sasa aache biashara, atafute nauli ya boda boda, aombe jirani amtazamie watoto, ili aende kukaguliwa kwa jambo ambalo huenda mwili wake utalimaliza wenyewe. Akikosa kwenda, hajafanya uzembe; amepiga hesabu za siku yake. Je, ile sampuli aliyokwisha kuitoa haiwezi kutujibu swali la pili pia?

Alama juu ya herufi

Inaweza, na njia yake imo katika DNA ya mwanamke mwenyewe. DNA ni maandishi marefu ya herufi nne: A, T, C na G. Herufi hizo hazibadiliki kirahisi, ila juu ya C, hasa inapofuatwa na G, seli inaweza kubandika alama ndogo iitwayo methili: atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Maneno yanabaki yale yale. Kinachobadilika ni kama yatasomwa. Methili zikijazana mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza.

Kunyamazisha jeni si kosa. Kila seli hunyamazisha jeni isizozihitaji. Hatari huja pale zinaponyamazishwa zile zinazozuia ukuaji wa ovyo. HPV inapokaa miaka mingi kwenye mlango wa kizazi, methili hurundikana kwenye jeni kama FAM19A4, miR124-2, CADM1, MAL na EPB41L3. Maambukizi ya juzi huacha alama chache au hayaachi kabisa. Vidonda vilivyokomaa huwa na nyingi. Saratani huwa imejaa. Kwa hiyo alama hizi zinaeleza kirusi kimefanya nini, si kwamba kipo tu.

Kuzisoma kuna ufundi mzuri. Maabara huichovya DNA katika kemikali iitwayo baisalfaiti. Kila C isiyo na methili hugeuka na kusomwa kama T. Yenye methili haiguswi, hubaki C. Kisha mashine ya PCR huhesabu C zilizosalimika.

Ushahidi ulivyo

Katika utafiti mmoja uliokusanya saratani 519 za mlango wa kizazi kutoka nchi nyingi, jozi ya FAM19A4 na miR124-2 ilizitambua 510, yaani asilimia 98. Ungo huu, basi, ni nadra kupeperusha punje pamoja na pumba.

Afrika Mashariki nayo imetoa ushahidi wake. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya wanawake wa Nairobi wanaoishi na virusi vya UKIMWI na waliokuwa na HPV. Methili kwenye CADM1, MAL na miR124-2 ziliongezeka kadiri vidonda vyao vilivyokuwa vikali. Mwaka 2020 ukaja utafiti wa kina wa uvimbe wa wanawake 118 wa Uganda, waliotibiwa katika Taasisi ya Saratani jijini Kampala. Ulionyesha kwamba mpangilio wa methili hutofautiana kulingana na ukoo wa HPV uliosababisha saratani: ukoo wa aina ya 16 una sura yake, na ule wa aina ya 18 na 45 una yake. Maana yake ni kwamba kipimo kilichotengenezwa Ulaya hakifai kuletwa Mbale kabla ya kujaribiwa kwa wanawake wa Mbale, wenye HPV zinazozunguka hapa.

Uholanzi wamepiga hatua zaidi. Wanawake zaidi ya 1,000 waliojichukulia sampuli na kukutwa na HPV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipepetwa kwa methili kutoka sampuli ile ile. La pili liliitwa kwa daktari kuchukuliwa seli. Katika kuvikuta vidonda methili haikuzidiwa na njia hiyo ya pili, na iliwafikisha wagonjwa kwenye uchunguzi wa mwisho mapema zaidi. Ila iliwapeleka wengi zaidi kwenye uchunguzi huo: zaidi ya nusu, dhidi ya chini ya theluthi kwa njia ya zamani. Ungo huu bado unabakiza pumba.

Kilichobaki

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 haukuiweka methili kati ya njia za kupepeta. Baisalfaiti na PCR vinadai maabara, mtaalamu, vitendanishi na umeme usiokatika. Mashine ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, hutoa majibu ya HPV kwa muda wa saa moja hivi. Kipimo cha methili kitafaa kwetu kitakapokuwa chepesi namna hiyo.

Faida yake inastahili juhudi hiyo, kwa sababu kuchelewa kunaua. Saratani iliyochelewa kugunduliwa huhitaji mionzi, na mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini, pale hospitali ya Mulago, iliharibika, na nchi nzima ikakaa zaidi ya mwaka bila mionzi. Kidonda kinachokutwa mapema huchomwa kwa dakika chache kituoni, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa leo, msichana wa miaka 10 apate chanjo ya HPV, ambayo Uganda imeitoa nchi nzima tangu 2015, na mama yake apimwe kwa kipimo kilichopo, kiwe cha siki au cha HPV. Sisi wengine tudai ungo ulio bora: sampuli moja, aliyojichukulia mwenyewe nyumbani, ijibu maswali yote mawili, ili safari ya pili ya kwenda kituoni ifanywe na yule tu mwenye sababu ya kusafiri.