Bei ya dhahabu haitaji zebaki

Familia zikishakubaliana mahari, huja suala la dhahabu: seti ya gramu ngapi, karati 18 au 21, ya Dubai au ya sonara wa hapa mjini. Ilichenjuliwaje, hilo halimo kwenye kikao.

Kwenye mialo ya Geita na Chunya, mawe husagwa kwenye karasha, unga ukaoshwa, kisha mchanga mzito uliobaki humwagiwa zebaki ndani ya karai na kukorogwa kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, likachomwa. Zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta miaka nenda miaka rudi hutetemeka mikono, husahau, figo zake huharibika. Na wengine huchomea nyumbani, karibu na sufuria ya ugali. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza habari za watoto walioshika zebaki kwenye machimbo yetu.

Wa mjini naye hajasalimika. Dhahabu iliyochomwa machimboni hubaki na zebaki kidogo ndani yake, na inapoyeyushwa upya mvuke hutoka tena, safari hii mbele ya sonara.

Dunia inajua. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Mkataba wa kimataifa wa 2013 unabeba jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hata hivyo, uchimbaji mdogo wa dhahabu bado unaongoza shughuli zote za binadamu kwa kurusha zebaki hewani.

Tuisusie dhahabu, basi? Sikubaliani. Tukisusia, wa kwanza kulala njaa ni mchimbaji mdogo, mwanaapolo, si mfanyabiashara aliyemkopesha zebaki ili auziwe yeye dhahabu kwa bei anayoitaka. Kipo chombo cha chuma kinachofungwa kabisa, chenye bomba la kupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki ya kutumika tena. Wengi hawakitaki, na sababu yao si ujinga: donge likifungiwa ndani hawalioni, na machimboni usichokiona huenda kimeibwa. Mafunzo yanayopuuza hofu hiyo yataishia kwenye semina na soda.

Uingereza, tangu 2011, mnunuzi anaweza kupata pete yenye nembo ya Fairtrade. Hapa kwetu mnunuzi wa kawaida hana nembo ya kutafuta, kwa kuwa dhahabu ya machimbo mengi huyeyushwa pamoja ikapoteza asili. Lakini yapo masoko ya madini, yaliyoanza kufunguliwa 2019, ambako mzigo hupimwa uzito na usafi, na mrabaha ukakatwa. Mahali panapojua kudai mrabaha panaweza pia kuuliza dhahabu ilichomwaje, na kumpunguzia tozo aliyetumia chombo kilichofungwa. Wizara ya Madini ianzie hapo.