Usubi: safari ya kidonge kutoka Japani hadi kingo za Mto Mbaka

Ziwa Masoko limetulia. Ni ziwa la kreta lililozungukwa na miti, halina mto unaotoka ndani yake, na kwenye ukingo wake bado lipo boma la zamani la Wajerumani ambalo wageni hupenda kulipiga picha. Lakini anayetaka kuuelewa ugonjwa wa usubi katika wilaya ya Rungwe na majirani zake Busokelo, Kyela na Ileje itabidi aliache ziwa, ateremke hadi kule maji yanakokimbia: Mbaka, Lufilyo, Kiwira. Mito hii inashuka kutoka milima yenye mvua nyingi, ikigonga mawe na kutoa povu mpaka bondeni, inakomwaga maji Ziwa Nyasa. Humo kwenye maji ya kasi ndimo anamozaliwa nzi anayeueneza.

Ni nzi mdogo, mweusi, mwenye mgongo uliobinuka. Jike lake huhitaji damu ili mayai yakomae, na hung'ata mchana, mara nyingi miguuni. Mayai huyataga kwenye mawe na majani yaliyozama, kwa kuwa viluwiluwi vyake hutegemea oksijeni nyingi ya maji yanayochafuka na chembe za chakula zinazoletwa na mkondo. Maji yaliyotuama hayamfai. Chandarua kinachomkinga mtoto na malaria usiku hakina msaada hapa, maana huyu anamkuta mama akipalilia shamba la kando ya mto saa nne asubuhi.

Nzi mwenyewe hapofushi mtu. Kinachopofusha ni mnyoo anaoubeba, Onchocerca volvulus. Minyoo mikubwa hujificha chini ya ngozi katika vinundu vigumu, hasa kiunoni, nyongani na mbavuni. Jike huweza kufikia urefu wa sentimita 50, akaishi miaka 10 hadi 15, na kila siku hutoa watoto wapatao elfu moja, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaosambaa ndani ya ngozi. Nzi akimng'ata mtu huyo huwanyonya pamoja na damu. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo wanakuwa wamekomaa kiasi cha kumwambukiza mtu mwingine.

Wale watoto wa mnyoo wakiwa hai hawaleti taabu kubwa. Wanapokufa ndipo mwili unapowaka. Ndani yao huishi bakteria aitwaye Wolbachia, na mnyoo mchanga anapooza bakteria huyo humwagika na kuamsha uvimbe. Ukitokea kwenye ngozi, mtu hujikuna usiku kucha mpaka ngozi inakauka, inakunjamana kama ya mzee, au kubaki na mabaka meupe kwenye miundi. Ukitokea kwenye jicho, kioo cha mbele hupata ukungu kidogo kidogo kila mwaka, na mshipa wa kuona nao waweza kuharibika. Mtu mwenye mtoto wa jicho anaweza kufanyiwa upasuaji akaona tena. Aliyepofushwa na usubi kwa kawaida harudishiwi alichopoteza. Kwa hiyo kazi yote ya maana hufanyika kabla jicho halijaguswa, wakati mtu bado anaona vizuri na haoni sababu ya kumeza dawa.

Dawa hiyo ni ivermectin, inayogawiwa kwa jina la Mectizan, na historia yake inastahili kujulikana na kila anayeimeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Japani, Satoshi Ōmura, alichota udongo karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, mkoa wa Shizuoka. Ndani yake alipata bakteria aliyempeleka kwa watafiti wa kampuni ya Merck, Marekani. Huko William Campbell na wenzake waligundua kwamba bakteria huyo hutengeneza kitu kinachoua minyoo ya mifugo. Daktari mzaliwa wa Bangladesh, Mohammed Aziz, ndiye aliyesukuma dawa hiyo ijaribiwe kwa binadamu, na majaribio ya kwanza yakafanyika Dakar, Senegali, mwaka 1981. Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kulikuwa na tatizo moja: waliohitaji dawa hii hawakuwa na pesa za kuinunua, na serikali zao pia hazikuwa nazo. Tarehe 21 Oktoba 1987 Merck ikatangaza kwamba itaitoa bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika, kwa muda wowote utakaohitajika. Ahadi hiyo bado inatimizwa. Mimi nauona uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo mema makubwa yaliyowahi kufanywa kwa ajili ya macho ya Waafrika, na sioni haja ya kupunguza sifa hiyo.

Hata hivyo shehena ya vidonge bandarini haimponyi mtu wa Masoko mpaka vimfikie. Kabla ya vidonge kupatikana, Afrika Magharibi ilianza kwa njia nyingine: tangu mwaka 1974 helikopta na ndege zilinyunyiza dawa mitoni kuua viluwiluwi, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, chini ya usimamizi wa Shirika la Afya Duniani. Hapa jirani, Kenya iliwahi kumtokomeza kabisa nzi wa aina yake katika mabonde ya Nyanza kwa DDT, katika miaka ya 1940 na 1950. Kwa nchi zilizobaki ulianzishwa mwaka 1995 mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, uliojulikana kwa kifupi APOC, makao yake yakiwa Ouagadougou. Mwaka 1997 mpango huo ukapitisha utaratibu uliobadilisha kila kitu: kijiji chenyewe kiamue lini dawa igawiwe, kiteue wagawaji wake, na wagawaji hao wafundishwe. Eneo la Tukuyu, yaani Rungwe na majirani zake, likaingia katika utaratibu huo, na tangu mwaka 2000 wananchi wake wamekuwa wakimeza dawa.

Mgawa dawa hana mizani. Ana fimbo ndefu iliyopakwa alama, daftari na chupa ya vidonge. "Shikamoo bibi, naomba usimame hapa wima, kisigino kiguse fimbo." Mwenye urefu wa sentimita 90 hadi 119 hupata kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, kuanzia 159 vinne. Mtoto asiyefika sentimita 90 haruhusiwi, wala mjamzito, wala mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, wala mgonjwa mahututi. Dawa humezwa hapohapo mbele ya mgawaji, kisha jina hutiwa alama. Wengine huwashwa au kuvimba uso siku moja mbili baadaye. Hiyo ni dalili kwamba minyoo michanga inakufa, na ikizidi mtu aende zahanati. Haimaanishi kwamba dawa ina sumu, ingawa uvumi wa namna hiyo husambaa upesi kuliko mgawaji mwenyewe.

Swali linaloulizwa sana vijijini ni hili: mbona kila mwaka? Jibu liko ndani ya vile vinundu. Ivermectin huua watoto wa mnyoo na kumzuia mama asizae kwa miezi kadhaa, lakini haimuui. Kwa hiyo kijiji hukimbizana na uhai wa mnyoo mkubwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka azeeke na kufa bila kuacha mrithi. Familia tatu zikikataa kimya kimya kwa miaka mitano, nzi wa mto ule wanapata mahali pa kuchota tena.

Halafu inakuja kazi ambayo wengi hawaijui. Ili dawa isitishwe, lazima kuwe na uthibitisho. Shirika la Afya Duniani linataka, pamoja na mengine, kwamba watoto wa chini ya miaka 10 wenye kinga ya mwili dhidi ya mnyoo huu wawe chini ya 0.1 kwa mia, na kwamba nzi wenye uwezo wa kuambukiza wawe chini ya mmoja kati ya 2,000. Watoto huchomwa kidole, damu ikapimwa. Nzi nao lazima wakamatwe kwa maelfu, na njia ya kawaida ni mtu aliyefunzwa kukaa kando ya mto suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, akisubiri nzi atue mguuni, amnase kwa kijineli kabla hajang'ata. Hufanya hivyo saa baada ya saa, tangu asubuhi hadi jioni, kisha nzi hupelekwa maabara kutafutwa vinasaba vya mnyoo. Eneo la Tukuyu limefanyiwa uchunguzi wa namna hii, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake hapohapo Tukuyu. Hata dawa ikisitishwa, hufuata miaka mitatu hadi mitano ya ufuatiliaji. Januari 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa kuwa imeukata mzunguko wa usubi. Kumbe inawezekana.

Ninachohofia ni fedha. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje na kukatiza mpango wake mkubwa wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Mapema mwaka 2025 Marekani nayo ikasimamisha misaada, ikiwemo iliyokuwa ikibeba ugawaji na upimaji katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo. Vidonge bado ni bure. Kisicho bure ni kuvisafirisha kutoka Dar es Salaam, kuwafundisha upya wagawaji, kupima watoto, na kumlipa anayekaa mtoni. Hizi si gharama zinazoishinda halmashauri ikisaidiwa na serikali kuu, na zinapaswa kuonekana kwenye bajeti zikiwa na fungu lake: mafuta ya pikipiki, daftari, fimbo mpya, na posho ya mgawa dawa ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akipanda na kushuka vilima vya Rungwe kwa kujitolea.